Kuchagua Rimu Nyepesi kwa Gari la Barabara za Tabora: Mwongozo Kamili

Hapa Tabora mzigo wa tumbaku hauuzwi bila kupandishwa mizani, wala ndoo ya asali haiondoki bila kujulikana kilo zake. Mtu huyo huyo anayesimamia mizani kwa makini akienda kununua rimu huzitazama, huzigonga kwa kidole, huambiwa na muuzaji kwamba ni za aloi kwa hiyo ni nyepesi, kisha hulipa. Nami nilinunua hivyo. Nilitoa rimu za chuma za inchi 15 na kufunga za aloi za inchi 17, nikitarajia gari liwe jepesi mguuni, lakini baada ya wiki moja nilihisi linachelewa kuondoka na linagonga vibaya kwenye changarawe. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayenunua asali, nikamwamkia na kumwomba mizani yake ya kuning'iniza. Rimu tupu ya chuma ilikuwa kilo 8.4, na ile mpya ya aloi ilikuwa kilo 10.6. Mzee aliniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo uliyoiita nyepesi ni ipi?"

Tangu siku hiyo sinunui wala simshauri mtu anunue rimu ambayo haijapimwa, na mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia, kuanzia karatasi ya vipimo hadi siku ya kukaza nati mara ya pili.

Faida ya kweli ya rimu nyepesi

Kabla ya kutoa fedha ni vyema kujua unanunua nini hasa, kwa sababu maneno mengi husemwa. Utasikia kwamba kilo moja ikipungua kwenye gurudumu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Hilo si kweli. Gurudumu hubeba nguvu ya kwenda mbele na nguvu ya kuzunguka, na uzito ulio mbali na kitovu ndio unaodai nguvu zaidi kuuzungusha. Uzito ulio kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara huhesabika karibu mara mbili, na hauwezi kuvuka hapo. Uzito wa rimu, ambao uko karibu zaidi na kitovu, huhesabika kama mara moja na robo hadi moja na nusu. Ukipunguza kilo 2 kwa kila rimu kwenye gari la kilo 1,200, utakuwa umepunguza kilo 8 zinazofanya kazi kama kilo 10 au 12 hivi, yaani takriban asilimia moja ya gari zima. Dumu la lita 20 la maji ulilolisahau nyuma ya gari lina uzito unaozidi huo.

Faida kubwa iko kwingine. Rimu, tairi, habu (kile kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa) na breki havibebwi na springi. Vyenyewe ndivyo vinavyofuata kila shimo na kila jiwe, na shokoabsoba inalazimika kuvituliza. Kwenye kona moja ya gari dogo, yaani penye gurudumu moja, vitu hivyo pamoja hufikia kilo 30 na zaidi. Kilo 2 ni kitu kidogo katika 1,200, lakini katika 30 na kitu ni sehemu inayohisika. Gurudumu jepesi hurudi chini haraka baada ya kurushwa, kwa hiyo tairi hukaa ardhini kwa muda mrefu zaidi kwenye vile vimawimbi vya changarawe, usukani hutulia, na breki hupata mshiko. Kwa mwendeshaji wa Tabora, anayetoka kwenye lami ya mjini na kuingia barabara za vijiji vya Uyui au Kaliua, hiyo ndiyo sababu ya kutafuta rimu nyepesi. Anayetaka mbio peke yake aanze na plagi, chujio la hewa na upepo wa matairi.

Hatua ya kwanza: andika vipimo vya gari lako

Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Kinaonyesha ukubwa wa tairi lililokusudiwa na upepo wake. Kisha toa gurudumu moja na usome maandishi yaliyo upande wa ndani wa rimu. Ukikuta 15x6J na ET45, maana yake ni kipenyo cha inchi 15, upana wa inchi 6, na ofseti ya milimita 45, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Andika pia idadi ya boliti na kipenyo cha duara lake, tundu la katikati, na aina ya uzi wa boliti.

Baadhi ya vipimo hivyo ni vya magari tunayoyaona kila siku. Vitz na IST za kizazi cha kwanza zina boliti 4 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Premio na Allion zina boliti 5 kwenye duara la milimita 100, na tundu hilo hilo la 54.1. RAV4 na Noah zina 5 kwenye 114.3, na tundu la 60.1. Subaru Impreza nyingi na Forester za miaka ya nyuma zina 5 kwenye 100 lakini tundu lake ni 56.1, na hapo ndipo wengi wanapokwama: rimu ya Premio haiingii kwenye habu ya Subaru kwa sababu tundu ni dogo, na rimu ya Subaru ikiingia kwenye Premio huacha nafasi katikati. Nati nazo hazibadilishani, kwani Toyota hizo hutumia uzi wa M12x1.5 (boliti ya milimita 12, yenye milimita 1.5 kati ya uzi na uzi) na Subaru M12x1.25. Nati ya uzi tofauti inaweza kushika mizunguko miwili au mitatu na kumdanganya fundi mwenye haraka, kisha ikaharibu boliti.

Hatua ya pili: pima uzito wa rimu na wa tairi, kila kimoja peke yake

Pima kwanza ulichonacho. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha, na mjini hapa haikosekani kwa wanunuzi wa asali, mpunga au nyama. Pima gurudumu zima, kisha siku fundi wa pancha anapotoa tairi, pima rimu tupu na tairi peke yake. Andika namba zote tatu.

Kupima tairi peke yake kuna umuhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Tairi la 195/65R15 huwa na kilo 8 au 9 hivi, sawa na rimu yenyewe au zaidi, na matairi mawili ya ukubwa uleule kutoka kwa watengenezaji tofauti huweza kupishana zaidi ya kilo moja. Kwa kuwa uzito wa tairi ndio ulio mbali zaidi na kitovu, mtu anayelipa fedha nyingi kupunguza kilo moja na nusu kwenye rimu, kisha akavisha tairi pana lililo zito kwa kilo mbili, amerudi nyuma ya alikoanzia. Hata hivyo, usikimbilie tairi jepesi kuliko yote dukani. Wepesi mwingine unatokana na ukuta mwembamba wa pembeni, na ukuta huo ndio unaopasuliwa na mawe. Kwa barabara zetu napendelea kupunguza kwenye rimu na kuliacha tairi liwe imara.

Hatua ya tatu: usiongeze kipenyo

Hapa ndipo rimu nyingi za kupendeza zinapoharibu gari, na ningependa msomaji asipite haraka.

Chukua tairi la 195/65R15. Ukuta wake ni asilimia 65 ya milimita 195, yaani milimita 126.75. Zidisha mara mbili, ongeza milimita 381 za rimu ya inchi 15, unapata kipenyo cha 634.5. Ukihamia rimu ya inchi 16 na tairi la 205/55R16 unapata 631.9, tofauti isiyofika nusu ya asilimia, kwa hiyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kujali. Ukihamia inchi 17 na 215/45R17 unapata 625.3, pungufu kwa asilimia moja na nusu hivi. Kwa hesabu ya kipenyo yote mawili yanakubalika.

Sasa tazama ukuta wa tairi. Kwa inchi 15 ulikuwa milimita 126.75, kwa 16 ni 112.75, na kwa 17 ni 96.75. Umepoteza milimita 30 za mpira na upepo, ambazo zilikuwa mto kati ya rimu na shimo. Wakati wa masika, kati ya Novemba na Aprili, shimo lililojaa maji haliwezi kukadiriwa kina, na pigo ambalo tairi nene lingelimeza sasa linafika kwenye rimu yenyewe. Juu ya hayo, rimu kubwa ina aloi nyingi zaidi na iko mbali zaidi na kitovu, kwa hiyo ni nzito na ni ngumu zaidi kuizungusha. Ushauri wangu kwa gari dogo la Tabora ni kubaki na kipenyo cha kiwandani. Kama breki zinaruhusu, hata kushuka inchi moja chini huku ukiongeza ukuta wa tairi ili kipenyo cha jumla kibaki karibu na cha awali, ndani ya asilimia 2, ni uamuzi mzuri kuliko kupanda.

Upana nao usiuzidishe. Inchi moja zaidi ya upana huongeza uzito, hudai tairi pana, na huongeza ukinzani wa kuviringika. Ofseti ikibadilika pamoja nao, hesabu hii inafaa kufanywa kwenye karatasi: rimu ya 6J yenye ET45 ikibadilishwa kuwa 7J yenye ET38, ukingo wa nje unasogea milimita 19.7 kuelekea madigadi, na wa ndani unasogea milimita 5.7 kuelekea shokoabsoba. Kusogeza gurudumu nje huongeza mzigo kwa beringi ya habu na hubadilisha namna usukani unavyovuta wakati wa kufunga breki. Kaa ndani ya milimita 5 za ofseti ya awali kama gari si la maonyesho.

Hatua ya nne: jua rimu ilivyotengenezwa

Neno aloi halimaanishi wepesi. Ni kweli kwamba ujazo sawa wa alumini una uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, lakini alumini ni dhaifu kuliko chuma, kwa hiyo mtengenezaji huifanya nene. Rimu ya aloi iliyomiminwa kwenye kalibu kwa njia ya kawaida ndiyo ya bei nafuu, na mara nyingi hukaribiana na ya chuma kwa uzito. Ya pili humiminwa kwanza, kisha pipa lake, yaani ule mviringo unaovishwa tairi, huviringishwa na kuvutwa kwa mashine likiwa moto, hivyo ukuta wake huwa mwembamba na mgumu zaidi. Ya tatu hufuliwa kwa shinikizo kubwa, mfano wa mhunzi anavyofua jembe. Chembe za metali hupangika vizuri, na rimu huwa nyepesi na imara kuliko zote, ila bei yake huwa ya juu. Kwa matumizi ya kawaida ile ya pili ndiyo ninayoiona ina uwiano mzuri wa bei, wepesi na uimara. Rimu za magnesiamu ni nyepesi zaidi ya alumini, lakini huliwa na kutu kwa urahisi zikikwaruzwa na hazifai gari la kila siku.

Hatua ya tano: uwezo wa kubeba mzigo

Rimu nyepesi iliyo dhaifu ni hatari, na hapa sikubali mjadala. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli ya gari lako, gawanya kwa mbili, na hakikisha kila rimu imeandikwa uwezo unaozidi hapo. Kama ekseli inaruhusiwa kilo 900, rimu moja ichukue angalau 450, na kwa barabara za mashimo mimi huongeza akiba ya kutosha juu yake. Wanaobeba gunia za mpunga na abiria watano kwa safari moja wahesabu mzigo huo, wasihesabu gari tupu. Tairi nalo lina namba yake ya mzigo, iliyoandikwa ubavuni baada ya ukubwa: 91 ni kilo 615, na 94 ni kilo 670.

Kwa rimu za Japani tafuta alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha magari madogo ya abiria. JWL-T ni ya malori na mabasi. Alama ya VIA huonyesha kwamba rimu imesajiliwa baada ya kupimwa na chombo kilicho nje ya kiwanda. Rimu zilizoidhinishwa Ujerumani mara nyingi huwa na kibali cha TÜV, yaani mashirika ya ukaguzi wa kiufundi ya huko. Alama hizi huigwa, kwa hiyo rimu isiyo na jina la mtengenezaji, uwezo wa mzigo wala tarehe ya kutengenezwa iachwe hata kama JWL imeandikwa kwa herufi kubwa.

Hatua ya sita: kagua rimu iliyotumika

Rimu nyingi tunazouziwa zimeshatumika. Omba ziletwe bila tairi. Zioshe kwa maji na sabuni, kisha kagua pipa upande wa ndani na mizizi ya mikono yake (spoku), kwani ufa huanzia huko. Ikatae kabisa rimu yenye alama ya kuchomelewa: joto la kuchomelea huondoa ugumu ambao alumini iliupata kiwandani, na eneo la pembeni mwa mchomelo hubaki laini. Rimu iliyopakwa rangi nzito mpya nayo iulizwe inaficha nini. Ifunge kwenye habu ya gari lililopigwa jeki, shika kijiti kisichotikisika karibu na ukingo, izungushe polepole na uangalie kama nafasi inabadilika. Ikipanda na kushuka au kuyumba kwa kiasi kinachoonekana wazi, balansi haitaiponya, kwa sababu vile vipande vya risasi vya balansi vinasawazisha uzito, havinyooshi umbo.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuvisha matairi

Funga rimu tupu kwenye gari, kaza nati kwa mkono, zungusha. Lazima iache nafasi ya angalau milimita 3 kutoka kwenye kalipa ya breki. Kama tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, jambo la kawaida kwa rimu za soko (zisizotoka na gari kiwandani) ambazo nyingi zina tundu la 73.1, nunua pete za kujazia nafasi zinazolingana kwa usahihi, mathalani 73.1 kwa 54.1. Bila pete, rimu inaweza isikae katikati sawasawa na usukani ukatetemeka kwenye mwendo wa lami ya Nzega hata kama umebalansi mara tatu.

Nati zinastahili aya yao. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota nyingi hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za soko karibu zote zinataka nati yenye ncha ya koni ya nyuzi 60, na Honda hutumia ya duara kama mpira. Nati bapa kwenye tundu la koni hugusa ukingo tu, na huweza kulegea baada ya kilomita chache, gurudumu likaondoka. Usikubali fundi akuambie kwamba "zinaingia tu, kaka." Hesabu pia mizunguko: kwa uzi wa M12x1.5, nati iingie angalau mizunguko 8 kamili. Na kama spea tairi yako bado iko kwenye rimu ya aloi ya kiwandani, weka nati za zamani ndani ya buti, la sivyo siku ya pancha porini utakuwa na gurudumu usiloweza kulifunga.

Hatua ya nane: kufunga

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya ili kutu na tope visizuie rimu kukaa bapa. Usipake grisi kwenye viti vya nati. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha ya upande wa pili, gari likiwa bado juu, halafu lishushe na umalize kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm (nyutonimita) 103. Mashine ya upepo inayokaza mpaka inalia huvuta boliti kupita kiasi na huumiza alumini. Mwombe fundi kwa heshima aitumie kuanzia tu. Baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imepoa, kaza tena. Alumini hukaa mahali pake taratibu, na hatua hii ikirukwa ndipo nati hulegea.

Wenye Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote wahakikishe matairi yote manne yana kipenyo kimoja na uchakavu unaokaribiana, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika hadi iharibike.

Hatua ya tisa: jaribio la barabarani

Jaza upepo kama kibandiko kinavyoelekeza asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Pita njia uliyoizoea, kwa mwendo uliouzoea, ukiwa na mzigo uleule wa siku zote, sehemu ya lami na sehemu ya changarawe. Sikiliza mguso kwenye madigadi ukikata kona usukani ukiwa mwisho na watu wakiwa wamekaa nyuma. Linganisha spidomita na kipimo cha mwendo cha simu. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, endesha wiki mbili, jaza tena na ugawanye. Ulaji wa mafuta mara nyingi hubadilika kwa kiasi kidogo sana, na mabadiliko makubwa yanaashiria upepo, alaimenti au kipenyo kilichokosewa.

Katika wiki hizo mbili rimu za zamani usiziuze. Zihifadhi zikiwa na nati zake ndani ya mfuko ulioandikwa, kwa sababu kama gari linagonga zaidi kuliko mwanzo au usukani unatetemeka na chanzo hakijulikani, kurudisha gurudumu moja moja la zamani ndiyo njia ya haraka ya kujua ni kona ipi yenye tatizo.